Mkono Uliochora Tivaevae ya Akaiti

Tautu, Aitutaki
4 Machi

Mdogo wangu Teremoana,

Kishikwambi nimekipata. Mke wa mchungaji alikileta mwenyewe kutoka uwanja wa ndege, amekizungushia taulo kama mtoto mchanga, na kabla sijakifungua kijiji kizima kilishajua kina rangi gani. Ahsante. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu humo ndani sitaki kuandika kitu. Mashine yenye jicho mbele na jicho nyuma si ya kuambiwa mambo ya nyumbani.

Umeniwekea programu tatu. Ile ya kuongea halafu yenyewe inaandika nimeinyamazia. Nikianza kuzungumza na kioo peke yangu, Vainerere jirani atamwita daktari kabla sijamaliza salamu. Ya kuhesabu mishono ni ya watu wasiojua kushona. Lakini ya kuchora ina akili, lazima niseme. Nachora jani moja pembeni, yenyewe inalirudisha pande zote, kama kitambaa kilichokunjwa, kikakatwa, kikafunguliwa. Nikikosea nafuta na hapachafuki. Ulisema kitanisaidia macho, na kweli nalikuza jani mpaka linakuwa kubwa kuliko sinia.

Ila ina maswali mengi. Kila nikiifungua inauliza naruhusu au siruhusu. Naruhusu nini? Nani anauliza? Nabonyeza kwamba naruhusu, maana mtu akiuliza kwa adabu humwachi amesimama mlangoni, lakini jambo lenyewe silipendi.

Tivaevae ya Akaiti, shuka la kumfunika siku ya harusi yake, nimeanza kuichora. Ni majani ya mshelisheli na maua ya tiare, mchoro ambao haujawahi kulazwa kitandani kwa mtu yeyote. Nikimaliza nitakata kitambaa kufuata mchoro, akina mama wa hapa watakishonea juu ya shuka, na siku ya harusi mwanao na mumewe watafunikwa mbele ya watu kama tulivyofunikwa sisi. Usimwambie mtu ulivyo mchoro. Hata mumeo.

Usishangae mwandiko. Nimeandikia gotini.

Dada yako,
Upokoina


Mangere, Auckland
21 Machi

Dada Upokoina,

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Jicho la mbele libandike plasta ya kidonda, kwisha maneno. Hayo maswali ni ya programu tu, inauliza kila mtu, hakuna mtu amejificha ndani.

Mimi ile ya kuongea ndiyo naipenda. Nikiwa jikoni naiambia orodha ya wageni, nayo inaandika, japo jina la shemeji yetu kila mara inaliandika kama jina la dawa. Akaiti ana nyingine ya kupangia rangi. Amepiga picha ukuta wa ukumbi, sasa anataka bluu ya bahari chini na nyeupe juu. Nimemwambia rangi ni kazi ya taunga, mwenye mchoro na mkasi, yeye kazi yake ni kuolewa.

Mchoro ni mzuri sana, dada. Zile tiare zilizogeuziana migongo zimenipendeza kuliko zote. Sasa utakata lini? Harusi ni Septemba, na akina mama wa Tautu nawajua, mshono mmoja, stori tatu. Wakianza Juni watamalizia ndani ya ndege.

Halafu dada, mbona nikipiga simu ya video unanionyesha dari? Naijua dari ya mama, nimekulia chini yake. Nataka kuona uso. Na mwandiko wako umekuwaje? Akaiti alidhani ni barua ya mtoto wa Shule ya Jumapili. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika ubao wa nyimbo kanisani.

Mdogo wako,
Teremoana


Tautu
14 Aprili

Teremoana,

Nimeisoma barua yako, nikairudia. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliacha kucheka.

Umejuaje kwamba tiare zangu zimegeuziana migongo? Nilikuandikia kuna tiare. Sikukuandikia zimekaaje. Hakuna mtu hapa aliyeona mchoro ule. Kishikwambi nakifungia kwenye sanduku la mashuka, na ufunguo uko shingoni kwangu.

Ningeweza kujiambia umebahatisha. Lakini juzi Vainerere amerudi kutoka huko kwenu na zawadi za kila mtu, na yangu ilikuwa foronya ya mto wa kochi. Ameinunua sokoni Jumamosi. Ameileta anacheka, eti Mama Upokoina, nimekuta kitu kinafanana na kazi yako. Haifanani. Ni yenyewe. Majani yangu, tiare zangu, migongo yao, vimepigwa chapa kwa mashine kwenye kitambaa chepesi cha kufutia vyombo. Kitu nilichokuwa namfichia bibi harusi watu wanakikalia.

Unajua mimi si mchoyo. Tangu nimekuwa taunga, aliyekuja kwangu kuomba mchoro hakuondoka mikono mitupu, na watu hutaja jina langu, basi, hiyo ndiyo shukrani. Lakini wa kuchukua bila kuomba kwetu ana jina lake, na mama alitufundisha wote wawili.

Mchoro uko sehemu mbili tu: hapa kwangu, na huko kwa mtu aliyenipa mashine. Sikusemi vibaya. Nakuuliza. Na mpaka nijibiwe, sikati. Mkasi nimeuweka chini.

Upokoina


Mangere
28 Aprili

Dada,

Kwa hiyo mimi ni mwizi. Umeandika hunisemi, kisha ukanisema.

Nijibu moja moja. Ni kweli michoro yako naiona. Kishikwambi nimekifungua kwa jina langu, maana wewe ungeanza kuulizwa tarehe ya kuzaliwa ungekitupa baharini. Kwa hiyo kila unachochora huko kinatokea kwangu huku. Ningekuambia mwanzoni na sikukuambia, kwa sababu nilijua ungeacha kuchora, na mimi nilikuwa nafurahi kukiona. Hilo ni kosa langu, nimelikubali. Lakini sijampa mtu mchoro wako. Sijui foronya hiyo imetoka wapi.

Na kwa kuwa leo tunaulizana, na mimi nina la kuuliza.

Ile programu ina kitufe cha kurudisha mchoro tangu mstari wa kwanza, unautazama unavyojichora mwenyewe kama sinema. Nimeutazama wako. Dada, nimekaa pembeni yako tangu sijaota meno ya ukubwani. Nimekuona ukichora mchangani, kwenye magazeti, mgongoni kwangu kwa kidole. Unaanzia kitovuni na unazunguka kwenda kulia, haraka, huinui mkono. Huyu aliyechora tivaevae ya mwanangu anaanzia ukingoni. Anazunguka kwenda kushoto. Anasimamasimama. Jani moja amelifuta na kulirudia mpaka mimi mwenyewe nimechoka kulitazama.

Huyo si wewe. Ni nani? Ni Vainerere? Ndiyo maana simu unaielekeza darini? Umempa mtu mwingine kalamu, akatoa mchoro nje, halafu foronya ilipokutia aibu ukanitafuta mimi wa kubebeshwa?

Mimi nimekushonea pindo maisha yangu yote. Mama alipokukabidhi mkasi nilipiga makofi. Kila mwaka nilisubiri useme, Teremoana, leo jaribu wewe. Ulisema, Teremoana, leta uzi. Sikulalamika, kwa kuwa niliamini hakuna mkono kama wako. Sasa unamchorea Akaiti kwa mkono wa kuazima, na unaniita mwizi. Imeniuma, dada, na sitaki kusema haikuniuma.

Teremoana


Tautu
10 Mei

Teremoana,

Kumbe ndiyo kazi ya ile zawadi. Umeninunulia askari wa kunichungulia nikichora.

Nimekizima. Nimekifunga kwenye mfuko wa mchele na kukiweka ndani ya friza, chini ya majani ya rukau. Kikitaka kuniuliza kama naruhusu, kiwaulize samaki.

Vainerere hawezi kuchora hata duara la sufuria, na wewe unajua. Mchoro ni wangu. Sina la kuongeza. Mwambie Akaiti anunue blanketi dukani, yapo mengi na yana joto.

Usiniandikie kwa sasa.

Upokoina


Mangere
1 Juni

Dada,

Nakuandikia hivyo hivyo. Ukitaka barua hii nayo iwekwe friza, isome kwanza.

Nilikwenda sokoni. Nilikwenda Jumamosi tatu mfululizo, na Akaiti nyuma yangu ananiomba nisiwapigie watu kelele. Mwenye foronya nimempata. Ni binti wa Kitonga, ana meza ndogo karibu na wauza taro, anachora kwa kishikwambi kama chako na kupeleka michoro kiwandani. Nilikuwa nimejiandaa kumpa vidonge vyake. Akaniambia, "Mama, mimi niliomba."

Akanionyesha. Wewe ulipokuwa unabonyeza kwamba unaruhusu, mchoro ulikwenda kukaa mahali ambapo kila mwenye programu ile anaweza kuuona. Yule binti akauona, akakuandikia chini yake kwa heshima zote, akauliza kama anaweza kuutumia. Na chini kabisa kuna jibu. Kwa Kimaori chetu, halafu kwa Kiingereza chako kile cha kanisani: chukua mwanangu, Mungu akubariki, utaje jina langu. Na jina lako amelitaja, dada. Limeandikwa nyuma ya foronya, kwenye kile kitambaa kidogo cha maelezo ya kufulia. Umeigeuza hata mara moja?

Nilirudi nyumbani nina hasira kuliko nilivyokwenda. Ulijua. Mtu hasahau kwamba amempa mtu mchoro. Ulijua, na bado ukaniandikia ile barua.

Kwa nini? Hilo ndilo limenikosesha raha. Ulikuwa unautafuta huo ugomvi, na sijui ulikuwa unakinga nini nao.

Nikampigia Vainerere. Ameapa kwa jina la marehemu mumewe hajawahi kukishika kishikwambi chako. Nikamuuliza habari za kikundi. Akasema mnakutana Jumanne kama kawaida, na kwamba siku hizi hushoni, unakaa kwenye kiti kirefu unaelekeza tu, mkono wa kulia umeufunika kwa kanga ya mapajani. Wao wanasema Mama Upokoina amekuwa mkubwa sasa, ana maringo. Alikuwa anacheka akiniambia. Mimi sikucheka naye.

Nimeutazama tena ule mchoro ukijichora. Safari hii sikumtafuta Vainerere ndani yake. Nilitazama majani tu. Lile jani lililofutwa na kurudiwa, kila likirudiwa linakaribia kuwa lako, na la mwisho ni lako kabisa.

Dada, mkono wako una nini?

Teremoana


Tautu
17 Juni

Mdogo wangu,

Siku kadhaa nimekaa na barua yako mfukoni mwa gauni. Nilitaka kukujibu kwa matusi. Yaliniishia.

Mkono wa kulia haupo. Yaani upo, unaning'inia, nauogesha na kuuvika kama mtoto wa watu. Ilikuwa Januari, Jumapili, baada ya kanisa, namenya taro. Kisu kikaanguka. Nikainama kukiokota, nikakitazama, mkono ukakataa kwenda. Daktari anasema ni kiharusi kidogo. Kidogo kwake. Mdomo ulipinda siku chache ukarudi, lakini niliogopa usije ukaona haujanyooka sawasawa, ndiyo ile dari uliyokuwa unaiona. Daktari na muuguzi wanajua, na nimewaapisha. Macho yangu ni mazima, nilikudanganya. Nilihitaji kitu ambacho mkono wa kushoto ungeweza kukitawala, na sikutaka kusema ni kwa nini.

Kwa hiyo ulimwona sawasawa huyo anayeanzia ukingoni. Ni mimi. Nilijifunza upya kama mtoto. Ile mashine niliyoitukana ilinivumilia kuliko binadamu, nilifuta na kufuta na haikuguna. Jani lile la mwisho lilipokaa sawa nililia, Teremoana. Nilidhani nimerudi.

Halafu nikachukua mkasi.

Unajua kitambaa kikikunjwa kinakuwa kinene namna gani, na kwamba anayekata hakati mara mbili. Nilijaribu kwa kushoto kwenye shuka kuukuu. Kilichotoka utadhani kimetafunwa na mbuzi. Nilijaribu tena na tena mpaka mashuka ya wageni yameisha. Kuchora naweza. Kukata siwezi. Na taunga asiyekata ni mama mzee mwenye maoni.

Niliogopa. Nikisema, kikundi kitatafuta mwingine. Wewe utanileta huko Mangere na kunikalisha mbele ya televisheni na blanketi miguuni. Na Akaiti, ambaye nilimwahidi siku anabatizwa, atakuja kuona nilichobaki nacho. Ndipo Vainerere akaleta foronya. Nilimkumbuka yule binti mara moja, aliomba vizuri sana. Lakini ilikuwa imekaa pale juu ya meza, na wewe ulikuwa umeandika habari za tiare, nikaona mlango. Nikikukasirikia wewe, sitalazimika kukata. Nitakuwa nimesusa. Mtu aliyesusa ana heshima yake, mtu asiyeweza hana.

Nimekuvunjia heshima ili kuokoa yangu. Samahani haitoshi, lakini sina neno lingine.

Kitambaa kiko mezani, bluu na nyeupe, alivyotaka. Hakijaguswa. Sijui nikifanyeje.

Upokoina


Mangere
24 Juni

Dada,

Nimekata tiketi. Nafika Alhamisi ya wiki ijayo kwa ndege ya mchana. Nimemwandikia mke wa mchungaji, atanipokea, kwa hiyo kijiji kitajua kabla yako.

Sijui kukata. Sijawahi kukata hata leso. Kwa hiyo usinioneshe huruma, na mimi sitakuonesha. Pasi iwe tayari, na sakafu ya sebuleni ifagiliwe.

Habari ya kukuleta Mangere hatutaizungumza. Televisheni yenyewe imeharibika.

Teremoana


Tautu
3 Septemba

Mdogo wangu Teremoana,

Tivaevae inakuja pamoja na barua hii, mikononi mwa mke wa mchungaji. Daktari amenikatalia ndege, nimegombana naye, ameshinda. Mwambie Akaiti nitakuwa nimeketi hapa saa hiyo hiyo, nimevaa kofia yangu ya Jumapili.

Sijakuambia vizuri nilivyoona siku ile, kwa sababu ulipokuwa hapa tulikuwa tunanuniana nusu ya muda, na nusu nyingine tunakula. Sasa nakuambia. Ulipopiga magoti sakafuni na mkasi, kishikwambi tumekiegemeza kwenye mguu wa meza kinaonyesha mchoro wangu, uliufungua na kuufunga mkasi hewani mara nyingi kabla haujagusa kitambaa. Niliapa sitasema neno. Nikasema mengi. Nikasema pinda, nikasema taratibu, nikasema siyo hapo. Wewe ukanyanyuka, ukachukua taulo, ukakifunika kishikwambi. Ukanitazama ukasema, "Dada, nyamaza, au nifunike na wewe."

Kisha ukakata. Na hukukata mchoro wangu. Niliona tangu jani la kwanza. Yako ni membamba, yanalala upande mmoja kama yamepigwa na upepo wa kutoka rasi, na tiare zako hazikupeana migongo, zimetazamana. Nilikasirika. Nikuambie ukweli, nilikasirika mpaka kitambaa kilipofunguliwa. Baada ya hapo nilitoka nje nikajifanya nawaita kuku.

Siku hiyo nilikuambia tu kwamba haikuharibika. Nilikuwa mchoyo. Ilikuwa nzuri, Teremoana, na ilikuwa nzuri wakati umepiga magoti pale, na ningekupa mkasi miaka mingi iliyopita kama ningekuwa tayari kuliona hilo.

Akina mama walipoanza kupiga bandi, Vainerere alikuwa wa kwanza kugundua. Akaniuliza mbele ya wote tangu lini Mama Upokoina anakata majani membamba. Niliondoa kanga mapajani. Nikawaonyesha mkono, wakauona wote, wengine wakalia, Vainerere kelele kuliko wote, na kumbe hakuna aliyetaka kiti changu. Wakauliza nani basi amekata. Nikawaambia.

Jana, kabla hatujaifunga, wamekuja akina mama wawili kutoka kijiji cha Vaipae. Wamekaa, wamekunywa chai, wamezunguka na maneno weee kama ilivyo desturi, mwishowe mkubwa wao akaweka kikombe chini akasema wamekuja kuomba mchoro huo kwa ajili ya mjukuu.

Nimewaambia mimi sina mamlaka ya kuutoa. Nimewapa anwani yako.

Dada yako,
Upokoina